Injini Iliyonyamazishwa

Katika nchi za Afrika ya Mashariki pikipiki imekuwa chombo cha watu wengi. Hupita njia nyembamba ambazo motakaa haiwezi kuzipita. Hupanda milima, huvuka vijito, hupeleka mahindi sokoni na wagonjwa hospitali. Lakini wapandao pikipiki ni wengi, na wajuao yaliyomo ndani ya injini yake ni wachache. Kwa hiyo ikiharibika, mwenyewe humwachia fundi kila kitu. Na fundi akikosea, mwenyewe hajui aanzie wapi kulitafuta kosa. Habari hii yaeleza jinsi kosa moja dogo la fundi lilivyoizuia pikipiki kupanda mlima, na jinsi kosa hilo lilivyotafutwa kwa taratibu hata likaonekana.

1. Mwanzo wa shida

Milima ya Usambara iko upande wa kaskazini-mashariki wa Tanzania. Barabara itokayo Mombo, penye joto bondeni, hupanda kwa kona nyingi hata Soni na Lushoto, penye baridi. Na kutoka barabara hiyo njia za udongo huenda huku na huku mpaka vijiji vilivyo mbali. Katika zahanati moja ya milimani alikuwako mwuguzi, na mojawapo ya kazi zake ilikuwa kupeleka chanjo vijijini kwa pikipiki. Chanjo huwekwa ndani ya sanduku lenye barafu, maana nyingi katika hizo hutakiwa kukaa katika baridi ya sentigredi 2 mpaka 8. Zikikaa katika joto muda mrefu, nguvu zake hupungua. Na mtoto achanjwaye kwa dawa iliyoharibika hapati kinga, ingawa mama yake hurudi nyumbani akidhani ameipata.

Pikipiki ya mwuguzi huyo haikuwa mpya, lakini ilikuwa na nguvu. Ila ilikuwa na sauti ndogo juu ya injini, tik-tik-tik, kama ya cherehani, na sauti hiyo ilizidi wiki kwa wiki. Mwuguzi akachoka kuisikia. Jioni moja akaipeleka kwa fundi kijana aliyekuwa karibu, akamwambia, "Fundi, sauti hii siitaki tena. Nami nina haraka, kesho alfajiri nina safari."

Fundi kijana akafungua vifuniko viwili vidogo vilivyo juu ya injini, akakaza skrubu mbili zilizomo, akazijaribu kwa kidole hata akaona hazichezi kabisa, kisha akafunga. Kazi yote haikufika nusu saa. Alipoiwasha pikipiki, ile tik-tik-tik haikusikika tena. Mwuguzi akafurahi sana, akalipa fedha, akaenda zake.

Asubuhi yake pikipiki iliwaka mara moja, ikaenda vema kilometa chache za kwanza. Lakini ilipoanza kupanda mlima, nguvu zikapungua kidogo kidogo, kama mtu anayeishiwa na pumzi, kisha ikazimika. Mwuguzi akapiga kiki hata jasho likamtoka, isiwake. Akakaa kando ya njia karibu saa nzima. Injini ilipopoa, ikawaka kana kwamba haikuwa na neno. Ikaenda kilometa mbili, ikazimika tena. Basi akaiacha nyumbani kwa mtu mmoja, akajitwika sanduku lake kichwani, akaenda kwa miguu yapata kilometa 5. Alipofika, jua lilikuwa limepita utosi. Barafu ilikuwa haijayeyuka yote, na chanjo zilikuwa salama. Lakini baadhi ya akina mama waliomngoja tangu asubuhi walikuwa wamekwisha rudi mashambani na watoto wao.

2. Dawa nyingi pasipo kuujua ugonjwa

Pikipiki iliporudishwa zahanati, kila aliyeiona alikuwa na shauri lake. Wa kwanza alisema, "Petroli haifiki." Akafungua kaburetari, yaani chombo kinachochanganya petroli na hewa, akaisafisha, tena akaizungusha skrubu yake bila kuhesabu ameizungusha mara ngapi. Wa pili akasema, "La, ni plagi." Akaitoa plagi iliyokuwamo, akatia nyingine isiyo ya aina iliyoandikwa katika kitabu cha pikipiki ile. Wa tatu akasema, "Injini hii yakosa hewa." Akalitoa chujio la hewa, akalitupa. Hakuna hata mmoja aliyeuliza pikipiki ilikuwa imefanywa nini siku ile kabla haijaanza kuzimika.

Ikawa lile kosa la kwanza halikuondoka, na juu yake yakaongezwa mengine matatu. Sasa pikipiki haikuwaka vema hata asubuhi, na mara kwa mara ilipiga kishindo katika bomba la moshi. Tena kulikosa chujio si jambo dogo. Katika njia ya vumbi, hewa isiyochujwa huingia na mchanga ndani ya silinda, na mchanga hula chuma kama tupa. Wahenga walinena kweli: Nahodha wengi, chombo huenda mrama.

3. Jinsi injini inavyofanya kazi

Ili kulielewa kosa lenyewe, yafaa kwanza kuijua injini. Injini ya pikipiki nyingi ni ile ya hatua nne, ambayo Mjerumani Nikolaus Otto aliitengeneza mwaka 1876. Mwaka 1885 Wajerumani wengine wawili, Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach, walitia injini ndogo ya namna hiyo katika chombo cha magurudumu mawili kilichoundwa kwa mbao, chenye vigurudumu viwili vidogo vya kukitegemeza ubavuni. Hicho ndicho babu wa pikipiki za leo.

Ndani ya injini kuna silinda, nayo ni kama kopo nene la chuma. Ndani ya silinda kuna pistoni, ambayo hupanda na kushuka. Juu ya silinda kuna milango miwili iitwayo vali: mmoja wa kuingiza hewa iliyochanganyika na petroli, na mmoja wa kutoa moshi. Kazi yenyewe ni hatua nne. Katika hatua ya kwanza pistoni hushuka, vali ya kuingiza hufunguka, na hewa yenye petroli huvutwa ndani. Katika hatua ya pili vali zote mbili hufungwa, na pistoni hupanda ikiigandamiza hewa ile katika nafasi ndogo. Katika hatua ya tatu plagi hutoa cheche, hewa yenye petroli huwaka, na nguvu yake huisukuma pistoni chini. Hii ndiyo hatua izungushayo gurudumu. Katika hatua ya nne vali ya moshi hufunguka, na pistoni hupanda ikiusukuma moshi nje. Kisha mambo huanza tena upya.

Mambo hayo hupita upesi mno. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila vali hufunguka na kufungwa mara 3,000 kwa dakika hiyo, yaani mara 50 kwa sekunde moja. Na nguvu yote ya hatua ya tatu yategemea neno moja: vali zote mbili ziwe zimefungwa kabisa. Mlango mmoja ukiwa wazi hata kidogo, hewa iliyogandamizwa hutoroka, na injini hukosa nguvu, kama vile mfuo wa mhunzi uliotoboka usivyoweza kupuliza moto.

4. Fundi mzee auliza maswali

Baada ya siku chache mwuguzi aliipakia pikipiki juu ya gari, akaipeleka kwa fundi mzee aliyefanya kazi hiyo miaka mingi. Yule mzee hakushika spana. Aliketi juu ya kigoda, akamtaka mwuguzi aketi pia, akamwuliza, "Daktari, mara ya mwisho ilipokwenda vizuri ilikuwa lini?"

"Siku ile nilipoipeleka kwa fundi, mzee wangu."

"Fundi aligusa nini?"

"Alifungua hapa juu, akakaza skrubu mbili. Ilikuwa ikipiga kelele."

"Na baada yake nani aligusa, na aligusa nini?"

Mwuguzi akamweleza habari ya kaburetari, na plagi, na chujio. Mzee akamwambia ayaandike yote katika karatasi, moja chini ya jingine. Kisha akauliza swali la mwisho: "Huzimika ikiwa baridi, au ikiwa moto?"

"Hapo kwanza ilizimika ikiwa moto tu. Siku hizi hata baridi inasumbua."

Mzee akanena, "Basi tutarudi kwa njia ile ile mliyoijia. Tutaanza na jambo la mwisho, na kila mara tutageuza kitu kimoja tu. Tukigeuza viwili pamoja, hatutajua ni kipi kilichoponya."

Akatia chujio jipya, akaiwasha, akasikiliza. Akatia plagi ya aina iliyoandikwa katika kitabu, akasikiliza tena. Akaishika skrubu ya kaburetari, akaifunga polepole hata mwisho bila kuikaza, kisha akaifungua kwa kuhesabu mizunguko kama kitabu kilivyoagiza. Sasa pikipiki ikawaka vema ikiwa baridi, wala haikupiga kishindo tena. Mwuguzi akadhani kazi imekwisha. Lakini mzee alimtuma mwanafunzi wake apande nayo mlimani. Kijana hakufika mbali. Ikazimika, naye akarudi akiisukuma.

Mzee hakukasirika, bali alifurahi. Makosa matatu yaliyoongezwa yalikuwa yameondolewa, na sasa kosa la kwanza lilibaki peke yake, bila kitu cha kulificha.

5. Nafasi ndogo kama unywele

Injini ingali ya moto, mzee alikanyaga mkono wa kiki polepole kwa mguu. Ukashuka kwa urahisi, bila kuzuiwa na kitu. Akaiacha pikipiki ilale pale mpaka asubuhi, hata injini ikawa baridi kabisa. Akaukanyaga tena mkono wa kiki. Mara hii ulizuiwa, kama kwamba kuna mtu chini yake anayeusukuma juu. Mzee akamweleza mwuguzi maana yake. Injini ikiwa baridi, vali zilifungwa vema na hewa iligandamizwa. Ikiwa moto, vali hazikufungwa, na hewa ilitoroka.

Sababu yake ni hii. Juu ya kila vali kuna mkono mdogo wa chuma ambao huisukuma vali ifunguke, na springi huirudisha ifungwe. Kati ya ncha ya mkono huo na ncha ya vali lazima pawe na nafasi ndogo. Katika injini nyingi ndogo nafasi hiyo, injini ikiwa baridi, ni milimita 0.05 mpaka 0.10, yapata unene wa unywele mmoja. Na kila injini ina kipimo chake katika kitabu chake. Nafasi hiyo haikuwekwa bure. Kila mtu ajuaye kazi ya mhunzi ajua ya kuwa chuma kikipata moto hurefuka. Vali ya moshi hupitiwa na hewa iwakayo, nayo huweza kupata joto la sentigredi 600 na zaidi. Hapo hurefuka. Ikiwa ile nafasi ipo, urefu huo hupata mahali. Ikiwa haipo, vali hugonga mkono ulio juu yake, isiweze kurudi mahali pake, ikabaki wazi kidogo.

Fundi kijana alikaza skrubu hata nafasi ikaisha. Kwa hiyo injini ilienda vema asubuhi, ikiwa baridi. Lakini katika kupanda mlima, ambapo pikipiki huenda polepole na injini hufanya kazi kubwa, joto lilizidi, vali zikarefuka, na nguvu zikatoroka. Injini ilipopoa, vali zikawa fupi tena, ikawaka. Mwuguzi alikuwa amekaa kando ya njia akiingoja ipoe, asijue kwamba hilo lenyewe lilikuwa likimwonyesha ugonjwa ulipo.

Tena iko hatari kubwa zaidi. Vali hupoa kwa kukaa juu ya kiti chake kila ifungwapo. Joto hupita kutoka vali na kuingia katika chuma cha injini. Vali isiyofungwa haipati pa kulitoa joto lake, na moto hupita ukingoni mwake. Ikiendeshwa hivyo siku nyingi, ukingo huungua, na hapo hakuna skrubu iwezayo kuiponya. Lazima injini ifunguliwe na vali mpya itiwe, kwa fedha nyingi.

Basi mzee akafungua vile vifuniko viwili. Akaizungusha injini kwa mkono hata pistoni ikafika juu kabisa, na vali zote mbili zikiwa zimefungwa. Akatwaa vibamba vyembamba vya chuma, vilivyoandikwa unene wake, ambavyo mafundi huviita fila. Kile chembamba kuliko vyote hakikuingia. Akalegeza skrubu, akaweka kibamba cha kipimo kilichoandikwa kitabuni, akairudisha skrubu hata kibamba kikapita kwa kukwaruza kidogo tu, akakaza nati, kisha akapima tena. Maana mara nyingi kukaza nati hubadili kipimo. Akafanya hivyo na vali ya pili.

6. Sauti yarudi

Injini ilipowashwa, tik-tik-tik ikasikika tena, si kubwa kama zamani, lakini ilisikika. Mwuguzi akasema, "Mzee wangu, ile kelele imerudi!"

Mzee akajibu, "Ile ya zamani ilikuwa kubwa kwa sababu nafasi ilikuwa imezidi, ilitaka kupunguzwa, na fundi wako hakukosea kuifungua. Alikosea kuimaliza. Sauti hii ndogo ni ya mkono ukiigusa vali. Ukiisikia, ujue nafasi ipo."

Mwuguzi akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Nimefahamu. Mtoto mgonjwa akilia, mama yake huogopa. Lakini sisi katika kazi yetu twamwogopa zaidi yule aliyeacha kulia na hali hajapona."

Siku ile ile yule fundi kijana aliitwa. Alifika na hofu, akaamkia, "Shikamoo, mzee," akidhani atatukanwa mbele ya watu. Mzee akamwonyesha kipimo, akamwuliza alipimaje. Kijana akasema kweli, "Sikupima. Sina vibamba. Nilikaza mpaka kelele ikaisha, maana ndivyo nilivyoambiwa." Mwuguzi aliposikia hayo, hasira yake ikapungua, kwa kuwa alikumbuka maneno yake mwenyewe: hakutaka injini ipimwe, alitaka sauti inyamaze, na tena kwa haraka. Kijana akarudisha fedha aliyolipwa. Mzee akamwambia, "Kwa fedha hiyo hiyo nunua vibamba vyako, nami nitakufundisha kuvitumia." Naye mwuguzi akakubali. Tangu siku ile kijana hakufungua vali bila kipimo, wala hakuona haya kusema, "Hili silijui," lilipomjia asilolijua.

Wiki iliyofuata pikipiki ilipanda mlima ule ule bila kusimama. Mwuguzi alifika kijijini kabla jua halijawa kali, na akina mama walikuwa ndio kwanza wanakusanyika chini ya mti.

7. Mambo ya kushika

Injini ikiharibika baada ya kutengenezwa, mtu ye yote aweza kuifuata njia ya fundi mzee:

Kwanza, aulize ni kitu gani kilichoguswa mwisho, naye aanzie hapo. Mara nyingi kosa liko pale mikono ilipopita.

Pili, aandike kila kitu kinachogeuzwa, na ageuze kimoja kimoja, akikijaribu kabla ya kwenda kwa kingine.

Tatu, aangalie kosa hutokea wakati gani: injini ikiwa baridi au moto, mlimani au tambarare. Wakati wa kosa huonyesha mahali pa kosa.

Nne, apime kwa kipimo cha kitabu, wala si kwa sikio au kwa kidole peke yake.

Tano, asishike injini ya moto, wala asifungue mahali penye petroli karibu na moto wo wote.

Sita, arudi kwa fundi wa kwanza kwa maneno ya upole na ya kweli, ili naye ajue alipokosea. Maana fundi asiyeambiwa kosa lake atalifanya tena katika pikipiki ya mwingine.

Kelele ya injini si adui wa kunyamazishwa. Ni habari inayoletwa kwa mwenye masikio. Wahenga walisema, Mficha maradhi, kilio humfichua. Injini iliyonyamazishwa bila kuponywa nayo hufichuliwa, na mara nyingi hufichuliwa mlimani, mbali na fundi, siku ile watu wanapoingoja.

Maswali

1. Kwa nini pikipiki iliwaka asubuhi na kuzimika mlimani?
2. Watu watatu waliotoa mashauri waliongeza makosa gani?
3. Fundi mzee alijuaje, bila kufungua injini, kwamba hewa ilikuwa ikitoroka?
4. Taja hatua nne za injini. Katika hatua zipi lazima vali zote mbili ziwe zimefungwa?
5. Mwuguzi naye alikuwa na kosa gani katika habari hii?